Namba Ikikataa Msituni: Kutafuta Chanzo kwa Fundi wa Udongo na Maji

Umefika kituoni, umefungua kisanduku, na namba iliyo kwenye skrini haiingii akilini. Kijito kimekonda, mawe yote ya katikati yako nje, lakini kinasa data kinasema maji yamepanda. Au udongo umelowa mpaka unaganda kwenye soli za buti, na kihisi cha unyevu kinadai asilimia 8. Wazo la kwanza ni kwamba kifaa kimekufa. Wazo la pili, hasa kwa aliye mgeni kwenye kazi, ni kwamba msitu umefanya jambo la ajabu. Kwa uzoefu wangu, yote mawili ni nadra. Kifaa ni kizima na msitu ni mzima. Palipoharibika ni pale vinapokutana. Jani moja kwenye faneli. Pengo la hewa jembamba kama ukucha kando ya pini ya chuma. Mzizi uliokatiza katikati ya pete ya sampuli.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Tafuta ile unayoiona, kisha shuka kwenye visababishi, kuanzia kile kinachotokea mara nyingi.

Kabla hujagusa kitu

Toa penseli, si kalamu ya wino, maana wino hutiririka daftari likilowa. Andika saa, namba iliyo kwenye skrini, kipimo ulichosoma kwa macho yako mwenyewe, na hali uliyoikuta: tawi limelala wapi, maji yana rangi gani, kisanduku kina unyevu au hakina. Piga picha. Hapo ndipo unaruhusiwa kusafisha.

Nalisisitiza hili kwa sababu limenigharimu. Asubuhi moja nilikuta tawi la mti limekaa kwenye mkato wa banio, yaani ukuta mdogo unaokatiza kijito ili maji yote yapite kwenye mkato mmoja yapimwe, na nyuma yake majani yamejipanga kama tofali. Nililiona kwa mbali, nikaingia majini moja kwa moja, nikalivuta. Maji yaliyofungiwa yalishuka kwa kishindo, nikafurahi kuona mkato umekuwa safi. Nilipogeuka kusoma rula ndipo nikajua nimefanya nini: kina cha awali kilishapotea, na sikuwa na namna ya kujua tawi lile liliinua maji kwa kiasi gani. Wiki tatu za rekodi zikabaki na alama ya shaka. Kama ningesoma rula kwanza, nikasafisha, nikasubiri maji yatulie na kusoma tena, tofauti ya masomo hayo mawili ingenipa mahali pa kuanzia marekebisho.

Basi mpangilio ni huu, kwa kila kifaa kilichotajwa humu: soma kama ulivyokuta, safisha, subiri, soma tena. Masomo yote mawili yaingie daftarini, kila moja na saa yake.

Kina cha maji banioni kinapanda bila mvua

Hapa nitakaa kwa muda, maana banio ndilo linalobeba hesabu yote ya maji ya bonde, na kosa dogo la kina huzaa kosa kubwa la mtiririko. Kwa mkato wa V wenye pembe ya nyuzi 90, mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde ni takriban 1.38 mara kina kwa mita, kina hicho kikiwa kimepandishwa kwenye kipeo cha 2.5. Weka namba uone. Kina cha sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Kina cha sentimita 11 ni lita 5.5. Yaani konzi ya majani iliyonasa na kuinua maji kwa sentimita moja tu imekuongezea robo ya kijito ambayo haipo.

Kisababishi cha kwanza ni hicho, takataka kwenye mkato. Utakijua hata kabla hujafika mtoni ukitazama umbo la mchoro. Mvua hupandisha mstari kwa haraka, kisha mstari hushuka polepole kwa saa au siku kadhaa. Takataka hufanya kinyume: mstari hupanda kidogokidogo, hasa baada ya upepo, halafu siku moja unaanguka wima kama umekatwa na kisu. Siku hiyo ama wewe ulisafisha, ama maji yenyewe yalisukuma mzigo ukapita.

Kisababishi cha pili ni hewa. Kihisi cha mgandamizo kisicho na mrija wa kupumulia hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake. Hektopaskali 1 ya hewa inakaribia kulingana na sentimita 1 ya maji, kwa hiyo hewa ikibadilika kwa hektopaskali 10 na wewe hujaiondoa kwenye hesabu, unapata sentimita 10 za maji ya uongo. Hakikisha kipima mgandamizo wa hewa kinafanya kazi, na kwamba saa yake inalingana na saa ya kihisi kilicho majini. Vikipishana saa moja, marekebisho yenyewe yanakuwa kosa jipya. Kwa vihisi vyenye mrija, angalia chembe za kunyonya unyevu zilizo mwisho wa mrija. Zikishabadilika rangi zimeshiba. Ukiziacha, mvuke utageuka matone ndani ya mrija na kihisi hakitaijua tena hewa ya nje.

Tazama pia mawimbi ya kila siku. Mstari ukipanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa kiasi kidogo na kwa saa zilezile, shuku hewa, kwa kuwa mgandamizo wa hewa kwenye nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Lakini ukishuka mara moja kwa siku, ukafika chini mchana unapoelekea jioni na kurudi juu usiku, tafadhali usiufute. Hiyo ni miti inakunywa. Mizizi iliyo kando ya kijito inavuta maji wakati wa jua na kupumzika usiku, na kijito kinaonyesha hivyo. Nimeshuhudia data ya namna hii ikisawazishwa kwa programu kwa sababu mtu aliiona kama kelele, ilhali ndiyo habari nzuri kuliko zote zilizotoka kituoni hapo mwezi ule.

Kisababishi cha tatu ni tope lililojaa kwenye kidimbwi nyuma ya banio. Kanuni niliyoitaja inadhani maji yanafika kwenye mkato yakiwa yametulia. Kidimbwi kikijaa mchanga, maji yanakuja na kasi na hesabu inapotoka. Pima kina cha kidimbwi kwa fimbo kila unapokwenda, na ukizoa tope, andika tarehe.

Angalia rula yenyewe pia. Inatakiwa isimame juu ya mkondo, mbali na mkato kwa umbali wa angalau mara 4 ya kina kikubwa unachotarajia, kwa sababu uso wa maji huinama unapokaribia kumwagika. Sifuri ya rula inatakiwa iwe sawasawa na ncha ya chini ya V. Nguzo iliyogongwa na gogo inaweza kuzama au kuinama kwa sentimita moja bila mtu kujua, kwa hiyo ihakiki kwa pimamaji, kifaa cha kusawazishia, kila baada ya mafuriko.

Kina kikipungua bila sababu

Sikiliza. Ukisimama kimya mbele ya banio, maji yanayopita chini ya ukuta au ubavuni yana sauti yao, kama mtu anayenong'ona. Tafuta mahali udongo wa chini ya banio unapotoa maji wakati kingo nyingine ni kavu. Kaa na panya huchimba hapo, na mizizi iliyooza huacha mirija.

Halafu tazama pazia la maji linavyoanguka. Linapaswa kuruka likaacha hewa nyuma yake. Likiwa linaambaa kwenye bati na kuteremka nalo, kina ni kidogo mno na kanuni haifai tena. Hapo acha hesabu, chukua ndoo. Kwa kina cha sentimita 5, mtiririko ni kama lita 0.77 kwa sekunde, na ndoo ya lita 10 hujaa kwa sekunde 13 hivi. Huo ni muda wa kutosha kupima kwa saa ya kusimamisha. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Kipima mvua kinaonyesha sifuri, au kinaendelea kunyesha baada ya mvua kwisha

Dalili hizi mbili zina mzizi mmoja: tundu la faneli limeziba, moja kabisa na nyingine nusu. Faneli iliyoziba nusu hushikilia maji na kuyaachia tone kwa tone. Kwenye data utaona vijiko, vile viwili vilivyo chini ya faneli ambavyo kila kimoja hupinduka kikijaa na kuhesabiwa, vikipinduka kwa vipindi vinavyokaribia kulingana, saa nyingi baada ya mawingu kuondoka. Mvua ya kweli haina nidhamu hiyo.

Toa faneli, iangalie dhidi ya mwanga. Mara nyingi utakuta maua madogo, chavua iliyoshikana kama unga uliokandwa, au kinyesi cha ndege. Chini yake, kwenye vijiko, tafuta utando wa buibui. Uzi mmoja tu unatosha kuzuia kijiko kisipinduke, na huwezi kuuona mpaka uinamishe kichwa upate mwanga wa ubavu. Sisimizi nao hupenda kujenga humo. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye kituo ambacho kemia ya maji yake inapimwa. Safisha kwa brashi laini na weka wavu kwenye matundu ya chini.

Ukishasafisha, hakiki hesabu. Faneli ya kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314. Kwa kipima ambacho kijiko kimoja ni milimita 0.2, kila mpinduko ni mililita 6.28. Mimina mililita 628 polepole, kwa muda wa saa nzima ikiwezekana, uhesabu mipinduko. Ipatikane 100 au karibu yake. Ukimimina kwa haraka vijiko vitapitwa na maji na utapata pungufu, kisha utalaumu kifaa bure. Andika saa ya jaribio, la sivyo milimita 20 za mvua yako ya chupa zitaingia kwenye rekodi ya mwezi.

Mara kwa mara huja swali: kipima kilicho chini ya miti kimeandika mvua nyingi kuliko kile cha uwazini, je, si kosa? Huenda si kosa. Matawi hukusanya maji na kuyadondosha mahali pamoja, na kipima kilicho chini ya ncha ya tawi la namna hiyo hupata zaidi ya mvua yenyewe. Kilicho kando yake kwa hatua mbili hupata nusu. Tatizo ni kutegemea kipima kimoja. Chini ya miti weka vingi, uvitawanye bila kuchagua mahali panapokupendeza, na uchukue wastani.

Kihisi cha unyevu kinasema udongo ni mkavu wakati mkono unasema umelowa

Amini mkono. Vihisi vingi vya unyevu havipimi maji moja kwa moja. Hupima jinsi udongo unavyoitikia uga wa umeme. Kwa kipimo hicho hewa ni 1, chembe za madini ni kati ya 3 na 5, na maji ni karibu 80. Ndiyo sababu kifaa hutofautisha maji kwa urahisi, na ndiyo sababu pengo la hewa kando ya pini hukivuruga kabisa. Kwenye msitu mapengo ni mengi: pini imegonga jiwe ikapinda, imepita kando ya mzizi ambao baadaye umenyauka, au ulitikisa kihisi ulipokuwa unakisukuma. Chomoa, sogea sentimita 20, chomeka tena kwa mkono ulionyooka, bila kuchezesha. Kwenye udongo wenye mawe tengeneza njia kwanza kwa chuma chembamba kuliko pini.

Kihisi kinachoruka juu ghafla kila mvua ikianza, kabla ya vile vilivyo juu yake, kina ugonjwa mwingine: maji yanafuata waya mpaka kwenye pini. Waya ushuke chini ya kiwango cha kihisi kisha upande, uwe na tumbo, ili maji yadondokee pale chini. Shimo ulilochimba kuingiza vihisi lijazwe kwa tabaka zilezile, la chini chini na la juu juu, na lishindiliwe kidogokidogo.

Kama kihisi kimekaa vizuri na bado kinapungukia, angalia kipo kwenye tabaka gani. Kanuni ambayo vifaa vingi huijia nayo, ile ya Topp na wenzake ya mwaka 1980, ilitengenezwa kwa udongo wa madini. Kwenye mboji nene husoma chini ya ukweli. Hapo huna budi kutengeneza kanuni yako kwa sampuli za hapohapo.

Na ulinganishapo na sampuli uliyokausha, kumbuka kwamba tanuri hukupa maji kwa uzito, kihisi hukupa maji kwa ujazo. Udongo wenye gramu 0.30 za maji kwa kila gramu ya udongo mkavu, na uzito wa gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, una unyevu wa asilimia 27 kwa ujazo. Watu wamerudisha vihisi vizima dukani kwa kusahau kuzidisha.

Uzito wa ujazo unatofautiana kupita kiasi kati ya sampuli na sampuli

Uzito wa ujazo ni uzito wa udongo mkavu kwa kila sentimita ya ujazo, nao hupimwa kwa pete ya chuma inayogongwa ardhini. Chuchumaa uangalie pete ilivyoingia, kabla hujaifukua. Uso wa udongo ndani ya pete uko sawa na uso wa nje? Ukiwa umezama, umeushindilia kwa nyundo na sampuli hiyo itatoka nzito kuliko udongo wenyewe. Tupa, hamia pembeni, gonga kwa upole juu ya kipande cha mbao. Kisha chimba kuizunguka pete na uikate kwa chini. Usiivute kama kizibo, maana udongo utabaki ardhini nusu.

Mizizi iliyojitokeza ikatwe kwa mkasi, isivutwe, maana mzizi ukivutwa huacha shimo. Kausha kwa nyuzi joto 105 mpaka uzito usibadilike, ambayo huwa saa 24 au zaidi. Sampuli ya kemia isiingie kwenye tanuri hilo; ikaushwe kwa hewa, isizidi nyuzi 40. Mawe yanayobaki kwenye chekeche la milimita 2 yapimwe peke yake. Kwa mawe mengi ya kawaida, gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo ni makadirio mazuri ya kupata ujazo wake na kuutoa.

Hata hivyo, pale ambapo sampuli za watu wawili hazipatani kabisa, mara nyingi pete haina hatia. Hawakukubaliana sifuri iko wapi. Kina cha udongo wa msitu huanzia juu ya udongo wa madini, na juu yake kuna majani mazima, kisha majani yaliyovunjika, kisha mboji nyeusi isiyo na umbo la jani tena. Mmoja anaanza kuhesabu juu ya majani, mwingine chini ya mboji, na "sentimita 0 hadi 10" zao ni vitu viwili tofauti. Nyanyua tabaka kwa vidole, moja baada ya nyingine. Ukifika penye mashaka, chukua kidogo kiasi cha punje ya maharage, lowesha, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mboji huteleza kama mafuta na kuacha rangi nyeusi kwenye mistari ya kidole. Udongo wa madini hukwaruza. Utasikia mchanga, hata uwe mdogo. Fanyeni zoezi hili pamoja, timu nzima, juu ya shimo moja, kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa. Nusu saa hiyo huokoa msimu.

Maji yanakataa kuingia kwenye udongo mkavu

Umeweka pete mbili za kupimia upenyaji, ya ndani sentimita 30 na ya nje 60, umemimina, na maji yamekaa tu kama kwenye sinia. Usiandike kwamba ni udongo wa mfinyanzi. Dondosha tone la maji kwenye udongo mkavu uliofagiliwa majani. Likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kunywewa, udongo unakataa maji: nta za majani na nyuzi za kuvu zimefunika chembe zake. Hali hiyo huwa kali zaidi kiangazi na baada ya moto. Ni tabia halisi ya msitu, si kosa la kipimo, iandike pamoja na muda wa tone.

Kinyume chake, maji yanayopotea bila kikomo mara nyingi yamepata mrija wa mzizi uliooza au yanatoroka chini ya ukingo wa pete. Zungushia udongo mbichi kwa nje na utazame. Ikiwa ni mrija, usiuhame kwa kuwa umekuharibia wastani. Rekodi, kisha uongeze idadi ya vituo.

pH haitulii

Elektrodi, kijiti kinachopima pH, inasoma bafa vizuri (vimiminika vya kurekebishia ambavyo pH yake inajulikana), 4 na 7 zinakubali, lakini kwenye maji ya kijito namba inatambaa dakika tano nzima. Maji ya misitu mingi yana chumvi chache sana, na elektrodi ya kawaida husitasita kwenye maji ya namna hiyo. Suuza kwa maji ya kijito chenyewe mara tatu, tikisa polepole, acha itulie, subiri. Kama maji yenye upitishaji umeme chini ya mikrosiemensi 100 kwa sentimita ndiyo kazi yako ya kila siku, omba elektrodi iliyotengenezwa kwa maji mepesi.

Elektrodi ikiwa nzito hata kwenye bafa, uliza ililala wapi. Ilale kwenye potasiamu kloraidi, kamwe isilale kwenye maji yaliyokenekwa, ambayo huinyonya chumvi zake. Mwinuko wa urekebishaji, yaani umeme unaobadilika pH ikibadilika kwa moja, uwe karibu na milivolti 59 kwa kila pH kwenye nyuzi 25. Ukishuka sana chini ya hapo baada ya kusafisha, elektrodi imezeeka.

pH inayopanda kadiri chupa inavyokaa ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka, hasa kwa maji ya chemchemi na ya visima vya uchunguzi. Pima palepale. Na ukipima udongo, andika umetumia maji au kalsiamu kloraidi. Ya pili husoma chini, mara nyingi kwa nusu pH hadi pH moja nzima, na tofauti hiyo imewahi kusomwa kama msitu unaongezeka asidi.

Ila namba ya chini nayo isitupwe kwa kuwa inashangaza. Maji safi yaliyokaa na hewa hufika karibu 5.6 kwa kaboni dayoksaidi pekee. Kwenye msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani, mvua iliyoanza kukusanywa mwaka 1963 ilionyesha asidi kubwa kuliko hiyo, na ndiyo iliyofichua tatizo la mvua ya asidi Amerika Kaskazini. Bafa zikikubali na marudio yakikubali, namba yako ina haki ya kubaki.

Chupa ya kufyonza maji ya udongo ni tupu

Chupa hii huvuta maji ya udongo kupitia kombe la kauri lililofukiwa. Kombe likivuta kwa kilopaskali 50 au 60 na udongo ukawa mkavu kuliko hapo, hakuna kitakachoingia. Linganisha na tensiomita iliyo jirani, kifaa kinachopima udongo unavyoyashikilia maji. Kama tensiomita inasema kuna maji, pampu tena na utazame geji: ikishuka kwa dakika chache, kuna kiungo kinachovuja au kombe lina ufa. Ikishikilia na chupa bado tupu, kombe halijagusana na udongo. Lilipaswa kulowekwa usiku kucha na kuwekwa kwenye uji wa unga laini wa silika. Ling'oe, anza upya.

Majibu ya maabara hayaaminiki

Nitrati imepanda maradufu kwenye kundi moja la chupa? Uliza kama chupa hizo ziliwekewa asidi ya nitriki. Asidi hiyo ni ya sampuli za metali, na yenyewe imejaa nitrati. Kosa hili hutokea mtu akibeba chupa za aina mbili kwenye begi moja bila alama. Funga utepe wa rangi shingoni mwa zile za metali, na usizisuuze mtoni, maana utamwaga asidi. Nyingine suuza mara tatu kwa maji unayoyachukua.

Nitrati ikishuka na amonia ikayumba, viumbe vidogo vimekula njiani: chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 hapohapo, hifadhi gizani kwenye nyuzi 4. Kwa mashaka mengine yote, chupa ya maji safi uliyoibeba, kuifungua na kuichuja msituni kama sampuli ndiyo shahidi wako. Ikirudi chafu, uchafu ni wetu.

Kinasa data kimenyamaza, au muda hauelewani

Betri kwanza, kisha kutu kwenye viungo, kisha waya: fuata waya wote kwa kiganja, usitegemee macho, maana meno ya panya huacha jeraha upande wa chini. Pitisha waya kwenye bomba. Saa ya kinasa ilinganishwe na saa sahihi kila ziara, na tofauti iandikwe kabla ya kuirekebisha.

GPS inayokupeleka mita 10 nje ya kituo chini ya miti minene haijaharibika, mawimbi yanagonga vigogo na kurudi. Acha ikusanye wastani kwa dakika kadhaa, na uandike umbali na mwelekeo wa dira kutoka kwenye miti miwili iliyo na alama.

Upepo ukianza kuvunja matawi, au maji ya kijito yakibadilika rangi na kubeba vijiti ghafla, funga kisanduku uondoke. Kituo kitakuwepo kesho.

Ukikosa chanzo

Ikiwa umesafisha, umesubiri, umesoma tena, na namba bado inakataa, badilisha vihisi viwili vinavyofanana: cha hapa kipeleke kule, cha kule kilete hapa. Kasoro ikikifuata kihisi, kihisi kirudi karakana na karatasi inayoeleza ulichokiona. Kasoro ikibaki mahali pale pamoja na kihisi kigeni, chimba shimo dogo la ukaguzi nusu mita kando, utazame udongo wenyewe: jiwe, mrija wa mzizi, tabaka la mfinyanzi linalosimamisha maji, madoa ya kijivu na kutu yanayoonyesha kwamba maji hukaa hapo sehemu ya mwaka. Chora unachokiona, upime kina cha kila kitu, fukia kwa mpangilio uleule wa tabaka, na kwenye data weka alama ya shaka bila kufuta hata namba moja.